Wageni wa kujitolea wameweka imbalu, yaani tohara, ya kijana wetu kwenye ratiba yao. Nimjibuje kiongozi wao?

FundiCherehani_Mbale

Habari zenu. Naombeni ushauri, na tafadhali someni mpaka mwisho kabla ya kunijibu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Namatala, Mbale, na ni katibu wa kikundi chetu cha akina mama. Tuko 22, tunakutana kila Jumamosi kuweka akiba na kukopeshana. Kiswahili changu ni cha kambini. Baba alikuwa askari, tukahamahama naye Moroto, Gulu, Tororo, kwa hiyo mkiona nimepindisha ngeli msinilaumu mimi, laumuni jeshi.

Mwishoni mwa mwezi wa saba tunapokea vijana 14 kutoka Ujerumani, wa miaka 18 hadi 23, pamoja na viongozi wawili. Watakaa siku 16. Wenyewe wanaiita safari ya kujitolea na kubadilishana utamaduni. Wametutumia ratiba ya kurasa tatu, kila siku na kisanduku chake. Siku ya pili ni soko. Siku ya nne hadi ya saba, kupaka rangi madarasa ya shule ya msingi iliyo jirani. Siku ya nane, maporomoko ya Sipi. Nikashuka na kidole mpaka siku ya kumi na moja: "Sherehe ya tohara katika familia, picha na video."

Familia yenyewe ni yetu. Mwaka huu ni wa shufwa, kama ulivyokuwa 2022 na 2024, na sisi Wagisu mwaka wa shufwa ndio mwaka wa imbalu. Mtoto wa dada yangu ana miaka 18 na ametangaza mwenyewe kwamba anasimama. Hakuna aliyemsukuma. Kiongozi wa wageni amejuaje? Nimemwambia mimi. Tulikuwa tunaongea kwa simu, nikawa na furaha, ulimi ukateleza. Nilidhani nampa habari za nyumbani, kumbe mwenzangu ana kalamu mkononi.

Dada yangu amesema hapana, na hataki kulizungumza tena. Shemeji anasema waje, huenda wakachangia ng'ombe. Mimi niko katikati, na sina uso wa kukataa, maana mwaka jana watu hawa ndio waliotununulia tangi la maji la lita 5,000. Kila nikitaka kuandika barua ya kuwakatalia, nikiinua macho naliona tangi hapo nje linanitazama.

Kuna jambo jingine. Mwisho wa ratiba wameandika: "Ninyi mngependa kujifunza nini kutoka kwetu?" Nikawasomea akina mama. Kimya. Kila mtu akatazama miguu yake. Mwishowe mmoja anayeuza nyanya akasema, "Waulize mama zao wanafanya kazi gani." Tukacheka sana, tukafunga kikao. Lakini usiku sikulala vizuri. Tumepokea wageni mara tatu, na ndiyo mara ya kwanza mtu kutuuliza swali hilo. Na hatukuwa na jibu.

Sasa nimjibuje huyu kiongozi kuhusu siku ya kumi na moja? Na hili la mwisho, ninyi mngejibu nini?

Dereva_wa_Kosta (Jinja)

Nyabo, pole kwa mtihani. Mimi nabeba wageni miaka mingi, nitakwambia ninachokiona kupitia kioo cha ndani.

Tukifika kwenye bwawa la Owen Falls, siku hizi Nalubaale, lile lililofunguliwa 1954, huwa nawaambia wote: simu chini, hapa pana askari, hapapigwi picha. Wanashusha. Bado sijaona mzungu aliyelia kwa kunyimwa picha ya bwawa. Wanatazama kwa macho, tunavuka, maisha yanaendelea. Sasa kama saruji inaheshimiwa hivyo, kijana wenu ashindwe kuheshimiwa?

Waambie tu. Halafu hiyo siku ya Sipi msiweke kitu kingine. Wakishaanza kuteremka kwa miguu chini ya maporomoko hawarudi mapema, na wakirudi wamelowa na wana njaa.

PesaHainaKabila

Mnalikuza jambo. Imbalu ni utalii siku hizi. Ufunguzi wa pale Mutoto unahudhuriwa na viongozi wa serikali, kamera za televisheni zimejaa, ngoma ya kadodi inapigwa mpaka vumbi linaziba jua. Kama nchi nzima inaona, Wajerumani 14 watapunguza nini? Wekeni kiingilio. Kijana apate mtaji wa kuanzia maisha, akinunua hata pikipiki ya boda hakuna atakayekumbuka nani alikuwa na simu. Tangi mlipokea, picha mnakataa. Hiyo si haki.

FundiCherehani_Mbale

@PesaHainaKabila, Mutoto ni uwanja wa kabila zima, anayekwenda pale anajua anakwenda hadharani. Uani kwa dada yangu ni uani kwa dada yangu. Hilo la tangi lakini umenichoma, sikatai. Ndilo linaloninyima usingizi.

Mwalimu_Tororo

Mimi naomba nizungumzie siku ya nne hadi ya saba, naona wengine wamezipita.

Shule niliyofundisha zamani (siitaji) ilipata wageni wa aina hii mara nne. Darasa la tatu limepakwa rangi mara tatu. Mara ya kwanza buluu, mara ya pili njano, na mara ya tatu wakachora ramani ya Afrika, Madagaska ikaangukia kwenye swichi ya taa. Walimu tulishukuru kila mara, hotuba ikatolewa, watoto wakaimba. Nyuma ya darasa hilohilo choo cha wasichana hakikuwa na mlango. Kwa nini hatukusema? Kwa sababu hakuna aliyetuuliza, na sisi tuliona kumwambia mgeni kasoro ni kukosa adabu. Kosa lilikuwa nusu lao nusu letu.

Na pale kijijini palikuwa na fundi rangi, baba wa watoto wetu watatu. Kila wageni walipokuja alikaa chini ya mwembe akawatazama wanavyomwaga rangi sakafuni. Siku moja akaniuliza, "Mwalimu, kwao hakuna kuta?"

Mwaka mwingine walikuja Januari wakapanda miche ya miti kwenye mlima. Januari! Jua la kiangazi, ardhi ngumu kama chungu. Wao ndiyo likizo yao, wafanyeje. Mvua ilipokuja Machi hapakuwa na mche wa kunyeshewa. Watu wanaokaa chini ya mlima Elgon wanajua maana ya mti kushika udongo, hasa baada ya maporomoko ya udongo ya Bududa ya Machi 2010. Miti ile ilihitajika kwelikweli. Ilipandwa tu kwa kalenda ya wageni badala ya kalenda ya mvua.

Kwa hiyo dada fundi, kabla ya barua, tembea mpaka shuleni kwa mwalimu mkuu, umuulize kama ukuta unahitaji rangi. Muulize mkiwa wawili tu, asiwepo mgeni.

Waswahili walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Dereva_wa_Kosta (Jinja)

Mwalimu, jembe tuliwapa. Wakalipiga picha.

Mjomba_wa_Bududa

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Naandika polepole kwa kuwa simu hii ni ya mwanangu.

Binti, mimi nimewasimamia wapwa zangu wanne. Nakueleza nilichokiona miaka kadhaa iliyopita, mwaka wa shufwa kama huu, kwa jirani yetu. Kijana alikuwa amekwisha kuzunguka kwa wajomba wote, njuga mapajani, koo limekauka kwa kuimba. Asubuhi akapakwa tope na unga wa chachu, akasimama uani, fimbo ameishika nyuma ya shingo kwa mikono miwili, macho mbele. Pale hakuna kupepesa. Ukitikisika, utaimbwa mpaka uzeeni. Ngariba akachuchumaa. Watu kimya, unasikia kuku.

Sasa palikuwa na mgeni mmoja, kijana mrefu, mtu mwema, alikuwa amekaa hapo kijijini wiki mbili na kila mtu akimpenda. Akapenya mbele apate picha nzuri. Kisu kilipogusa tu, mgeni akaanguka chali. Puu! Na kamera yake.

Watu wote wakamkimbilia mgeni. Huyu analeta maji, yule anapepea kwa kanga, mwingine anapiga kelele aitwe daktari. Kijana wetu akabaki peke yake na ngariba. Hakuna aliyemwona akisimama imara. Filimbi ilipolia, vigelegele vilikuwa vya watu watatu. Yule kijana sasa ana mke na watoto, na mpaka leo watu wanaiita siku ile "siku mzungu alipoanguka". Siku yake imechukuliwa na mtu mwingine, naye hana pa kuidai.

Simlaumu mgeni. Alikuwa amewekwa mahali pasipo pake na watu waliopaswa kumwambia asimame wapi.

Ushauri wangu ni mfupi. Neno hili si la katibu wala la shemeji yako. Umemuuliza kijana mwenyewe?

BintiBombo

Nimemsoma mzee nikalazimika kuandika. Asante sana, baba.

Mimi nimekuwa upande wa pili. Nilikaa mwaka mmoja Ujerumani kama mfanyakazi wa kujitolea, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Dada fundi, kama wageni wako ni Wajerumani, waulize kuhusu mpango wa serikali yao uitwao weltwärts. Ulianza 2008 kwa kuwatoa vijana wao kwenda nchi kama zetu, na mwaka 2013 ukafungua njia ya vijana wetu kwenda kwao. Lazima pawe na shirika la kwao na la huku yanayoshirikiana, mtu hawezi kujiombea peke yake. Wageni wako wanaingia Uganda kwa viza ya utalii ya dola 50 wanayoiomba kwenye intaneti, pamoja na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Mimi makaratasi yangu yalijaza bahasha ambayo mama aliifunga kwa kamba ya viatu. Kwa hiyo kikundi kikisema kinataka "kubadilishana", ni halali kabisa kuuliza: na sisi tunakuja lini?

Lakini si hilo lililonifanya niandike. Kule kwenye nyumba ya wazee palikuwa na bibi mmoja niliyekuwa namsaidia kula asubuhi. Hakupenda uji wao, na mimi sikuupenda, tukaelewana. Nilikuwa nimekwenda na tabaga, zile sahani za ukili wa rangi tunazosuka sisi Wanubi, akaomba moja aweke funguo zake. Siku moja nafika kazini, nakuta mlangoni pake pamewekwa mshumaa na picha yake. Amefariki usiku. Kwetu Bombo muda huo uani pangekuwa pamejaa watu, sufuria jikoni, wanaume nje. Pale korido kimya, na wenzangu wanaendelea kugawa chai.

Nikaomba ruhusa kwenda mazikoni. Wakashangaa, lakini mwanawe akasema njoo. Tulikuwa watu tisa, nikiwemo. Nilisimama nyuma, wakanipa koleo dogo nitie udongo kama wao, nikatia. Hakuna aliyeniambia nisipige picha. Hata kutoa simu halikunijia akilini. Na kama mtu angeandika kwenye ratiba yangu "Siku ya 140: mazishi ya Kijerumani, picha na video", ningeona haya kumtazama yule mwanawe.

Waeleze wageni wako kwa mfano huo, watakuelewa mara moja.

Na jambo la kiufundi: usizunguke. Sisi tukitaka kukataa tunasema "tutaona", "Mungu akipenda", na mwenzetu wa hapa anaelewa. Wao wataweka alama ya ndiyo. Andika hapana kwenye mstari wa kwanza, sababu kwenye wa pili. Hawatakasirika. Mimi ilinichukua miezi mitatu kuamini kwamba mtu anaweza kuniambia "hapana" saa nne na saa sita akanikatia keki.

FundiCherehani_Mbale

Nimerudi. Ni karibu wiki tatu, samahani. Kulikuwa na sare za shule za kushona na umeme ulikuwa unacheza.

Mzee wa Bududa, nilikwenda kumuuliza kijana. Nilimkuta anafua. Nikamweleza yote, mpaka lile la ulimi wangu. Akaendelea kukamua shati, akasema, "Mama mdogo, siku za kucheza kadodi waje, na wacheze, wasisimame pembeni kama mahakimu. Siku yenyewe wakae na wanawake jikoni. Simu zibaki kwako chumbani." Halafu akaniuliza, "Na wao kwao wanafanya nini ili mtu ajue amekuwa mwanaume?" Sikuwa na jibu, nikaliandika kwenye daftari la kikundi. Ndilo likawa swali letu la kwanza kwa wageni. La pili ni lile la muuza nyanya, mama zao wanafanya kazi gani. Nimeliacha kama alivyolisema.

Barua niliiandika kama alivyonifundisha BintiBombo, na mkono ulitetemeka. "Siku ya kumi na moja nimeifuta. Kijana ni mtoto wetu, na siku ile ni yake." Kisha nikaweka mfano wa mazishi. Nikaandika pia kwamba wakitaka kupiga picha waende Mutoto siku ya ufunguzi, tarehe ikitangazwa nitawaambia. Nikabonyeza kutuma, nikafunika simu kwa kitambaa kama sufuria ya wali, nikarudi kwenye cherehani.

Jibu lilikuja kesho yake, refu. Kiongozi ameomba radhi, anasema aliandika vile ili ajaze kisanduku. Hiyo ndiyo sentensi niliyoisoma mara mbili. Wala hakutaja tangi. Tangi nilikuwa nimelibeba mimi mwenyewe miezi yote hii.

Mwalimu wa Tororo, nilikwenda shuleni. Rangi haihitajiki. Mwalimu mkuu aliangalia mlango kwanza, akaufunga, ndipo akaniambia mfereji wa nyuma umeziba tangu mafuriko ya Julai 2022, na mvua ikinyesha maji yanaingia darasa la kwanza. Fundi wa mtaani atauongoza, atalipwa, na vijana watachimba chini yake. Sasa wamepata jembe la kweli, Dereva usicheke.

Halafu kuna hili, ambalo nililikuta mwisho kabisa wa barua. Mmoja wa wale mabinti anasomea ushonaji kwenye chuo cha ufundi huko kwao. Miaka yote nimehangaika na zipu ya kuficha. Kitambaa laini kinaniponyoka, zipu inakunja mdomo juu kidogo ya kiuno, bibi arusi akigeuka kila mtu anaiona. Nimevunja sindano nyingi kwa zipu hiyo kuliko kwa jinzi. Kiongozi anasema binti huyo ameuliza kama naweza kumfundisha kusimamisha mabega ya gomesi, lile gauni letu la heshima la wanawake. Mabega ya gomesi! Hayo nayashona nikiwa nasinzia. Nimekwisha kumwekea mita sita za kitambaa, na nitaanza na kifua cha mraba na vifungo viwili, mabega mwisho, kwa kuwa akiharibu mabega mapema atakata tamaa.

Dada yangu bado hajafurahi sana, lakini amekubali kugawa visu vya jikoni. Usiku wa kuamkia siku ile wageni wataamka saa tisa kumenya matoke na sisi. Shemeji ameacha kuzungumzia ng'ombe.

Sasa limebaki hili: wageni watatu hawali nyama kabisa. Sherehe ya ng'ombe, wageni hawali nyama! Niwape nini?

Mjomba_wa_Bududa

Malewa. Machipukizi ya mianzi ya mlimani, yaliyokaushwa kwa moshi. Yaroweke usiku kucha, yachemshe mpaka yalainike, umalizie kwa siagi ya karanga. Hapo hata wala nyama wataiacha nyama. Nina mafungu kadhaa darini, nitakutumia kwa gari la Jumatano.

BintiBombo

Kabla hujatia karanga, waulize wote 16 kama kuna mwenye mzio wa karanga. Usidhani ni deko, kule nilikofanya kazi jambo hili lilikuwa limeandikwa ukutani kwa herufi nyekundu. Uliza leo, kwa mstari mmoja.

FundiCherehani_Mbale

Nimeuliza. Yupo mmoja. Ni yule binti wa zipu. Mzee, tuma malewa, sufuria yake nitaitenga.